Mshahara wa Kapera na Mshahara wa Mwenye Nyumba

Mshahara ni neno moja, lakini mwenye kulipa na mwenye kulipwa hawalitazami kwa jicho moja. Kwa mwenye kulipa, mshahara ni bei ya kazi: mtaro uliochimbwa, magunia yaliyopakiwa, barua zilizopigwa taipu. Kwa mwenye kulipwa, mshahara ni unga, mafuta ya taa, kodi ya chumba, karo ya watoto na nauli ya kumfikisha kazini kesho. Bei ya kazi na gharama ya maisha ni vitu viwili mbalimbali, wala hakuna kinachovilazimisha vilingane. Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo limeulizwa katika nchi nyingi kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja: Je, yapasa kila kazi impe aifanyaye kiasi cha kumtosha kuishi, yeye na watu wa nyumbani mwake? Au yatosha kila kazi ilipe kadiri ya faida inayoleta, hata ikiwa ni haba?

Katika Kenya swali hili halikuwa la wenye kusoma vitabu peke yao. Liliulizwa bandarini Mombasa, katika karakana za reli, na katika mashamba ya chai na mkonge. Na jibu lililotolewa zamani limeacha alama mpaka leo.

HESABU YA MTU MMOJA

Kwa miaka mingi chini ya utawala wa kikoloni mishahara ya Waafrika mijini ilihesabiwa kwa mtu mmoja asiye na mke wala mtoto. Maafisa walipotafuta kima cha chini walipima chakula cha mtu mmoja, nguo zake, kuni zake, sabuni yake, na mahali pa kulaza ubavu wake. Hesabu hiyo ikaitwa mshahara wa kapera. Wengi waliolipwa kwa hesabu hiyo hawakuwa makapera hata kidogo. Walikuwa waume na baba za watu, na wake zao na watoto wao walibaki katika sehemu zilizoitwa Rizavu.

Matajiri na maafisa walikuwa na sababu yao. Walisema kwamba mwanamume huyo ana shamba kwao; mkewe analima mahindi na maharagwe, na watoto wanakula kutoka shambani. Yeye amekuja mjini kwa miezi michache tu, apate fedha za kodi ya Serikali na za nguo, kisha arudi. Kwa nini basi alipwe fedha za kulisha watu ambao tayari wanalishwa na ardhi?

Hoja hiyo yahitaji kutazamwa kwa makini, kwa kuwa ndani yake mna ukweli kidogo na kosa kubwa. Ni kweli kwamba jamaa nyingi zilikuwa na mashamba. Lakini mfanyi kazi alipokuja mjini, mkono wake uliondoka shambani. Kazi aliyokuwa akifanya ya kuvunja ardhi mpya, kujenga ghala na kuchunga ng'ombe ikamwangukia mwanamke, juu ya kazi zake mwenyewe za maji, kuni, kusaga na kulea. Mume alipougua alirudi nyumbani auguzwe kwa chakula cha nyumbani. Alipozeeka alirudi nyumbani alishwe. Maana yake ni kwamba gharama ya kumlea mfanyi kazi tangu utoto wake, ya kumtunza katika ugonjwa wake na ya kumweka katika uzee wake haikulipwa na kiwanda wala na bandari. Ililipwa na jembe la mkewe na la mama yake. Mshahara wa kapera uliweza kuwa mdogo kwa sababu palikuwapo mtu mwingine, asiyeandikwa katika daftari lolote, aliyelipa sehemu iliyobaki.

Tena mambo yalibadilika upesi kuliko hesabu. Ardhi ilizidi kuwa finyu, watu wakazidi kuwa wengi, na katika wilaya kadha wa kadha walitokea watu wasio na shamba lolote la kurudia. Bei za vitu zilipanda sana wakati wa vita vya 1939 mpaka 1945. Wafanyi kazi wa Mombasa waligoma mwaka 1939, na tena Januari 1947 watu zaidi ya elfu kumi waliacha kazi, bandari ikasimama na reli ikasimama. Madai yao makubwa yalikuwa mshahara na nyumba. Baraza la uamuzi lililoongozwa na Jaji Thacker liliwaongezea mshahara. Lakini hesabu ya kapera haikufutwa.

TAARIFA YA MWAKA 1954

Mwaka 1954 ilitolewa taarifa ya Kamiti ya Mishahara ya Waafrika, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Bwana F. W. Carpenter, Mkuu wa Idara ya Kazi. Kamiti hiyo haikuwa ya wapinzani wa Serikali. Ilikuwa ya Serikali yenyewe, na ilitolewa katikati ya miaka ya Hali ya Hatari. Kwa hiyo maneno yake yalikuwa na uzito wa pekee. Ilisema kwamba karibu nusu ya wafanyi kazi wa mijini katika kazi za watu binafsi, na kama robo ya wale wa kazi za Serikali, walikuwa wakipata mshahara usiotosha mahitaji yao ya lazima ya afya, ya heshima na ya nguvu za kufanyia kazi.

Kamiti ikashauri kwamba kima cha mtu mzima kisihesabiwe tena kwa kapera, bali kwa mwenye jamaa. Na kwamba kima hicho kiwe mara mbili na nusu ya kile cha kapera, kikifikiwa hatua kwa hatua kwa muda wa miaka kumi. Serikali ya wakati ule iliikubali kanuni ya kumtenga mtu mzima na kijana, lakini ile hesabu ya mara mbili na nusu ikapunguzwa. Hata hivyo jambo kubwa lilikwisha tamkwa: kwamba mtu aliye kazini ni mtu mwenye nyumba.

Haki kwa wenye nyumba ilikuwa sehemu tu ya sababu ya Kamiti. Sababu nyingine ilikuwa kazi yenyewe. Matajiri walilalamika kwamba mfanyi kazi hakai: akiisha kuijua mashine anafunga mzigo wake na kwenda kwao, na mwingine mgeni anaanza kufundishwa upya. Kwa kuwa kazi yake ni dhaifu, walisema, hatuwezi kumlipa zaidi. Wafanyi kazi nao walisema kwamba hawakai kwa sababu mshahara hauwawezeshi kukaa na wake zao. Kila upande ulikuwa unasema kweli, na kila upande ulikuwa unamngoja mwenziwe aanze. Kamiti ilimtaka mwenye kulipa aanze, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na nafasi ya kuanza.

Mfano uliojulikana sana wa jambo hili ulitoka Marekani. Henry Ford, mwenye kiwanda cha motokaa huko Detroit, alilazimika kuajiri watu zaidi ya 50,000 katika mwaka 1913 ili apate kuendelea na watu kama 14,000 tu, kwa kuwa wengi walikimbia ugumu wa kazi. Januari 1914 alitangaza malipo ya dola 5 kwa siku, ambayo yalikuwa kama mara mbili ya yale ya kwanza. Watu wakakaa, na kazi ikaongezeka. (Haikuwa sadaka, wala haikuwa bila masharti: Ford alituma wakaguzi majumbani mwa wafanyi kazi kuangalia kama wanakaa kwa adabu aliyoitaka yeye.) Lakini kiwanda cha motokaa si kibanda cha chai. Mwenye kibanda akimlipa msaidizi wake mara mbili, vikombe vitakavyouzwa ni vile vile.

JAJI NA WATOTO WATATU

Huko Australia jambo hili liliamuliwa mahakamani. Mwaka 1907 Jaji H. B. Higgins aliulizwa kama kiwanda kimoja cha mashine za kuvunia ngano kilikuwa kinalipa mishahara ya haki. Sheria haikumwambia haki ni kiasi gani. Akawasikiliza watu wakieleza bei ya nyama, mkate, kuni na kodi ya nyumba, na mwisho akaamua kwamba mfanyi kazi asiye na ufundi yafaa apate shilingi 7 kwa siku, kiasi cha kuishi yeye, mkewe na watoto kama watatu kwa starehe ya kadiri. Sheria yenyewe ilivunjwa na mahakama kuu mwaka uliofuata, lakini kipimo chake kikaendelea kutumika kwa miaka mingi.

Uamuzi huo ulisifiwa sana, na ulistahili sifa. Lakini ulikuwa na ufa ndani yake. Kwa muda mrefu baadaye wanawake wa Australia waliwekewa kiwango kilichopita nusu ya kile cha wanaume kwa kidogo tu, kwa dhana kwamba mwanamke hana wa kumlisha. Basi mjane mwenye watoto alihesabiwa kuwa kapera, na kijana asiye na mke wala mtoto alihesabiwa kuwa baba wa watatu. Mshahara haujui nani yuko nyumbani. Ukitaka uujue, yaani kila mtu alipwe kwa idadi ya watoto wake, tajiri atawaajiri makapera watupu na kuwaacha wenye watoto nje ya lango.

Kwa sababu hiyo wako wanaosema: mshahara na uwe bei ya kazi, na pengo lizibwe na Serikali kwa fedha za wote. Njia hiyo nayo ilijaribiwa zamani. Mwaka 1795, wakati wa ghali ya ngano, mahakimu wa jimbo la Berkshire huko Uingereza walikutana mahali paitwapo Speenhamland wakaamua kwamba kibarua ambaye mshahara wake hautoshi mkate wa watu wake aongezewe kutoka katika fedha za parokia, kwa kadiri ya bei ya mkate na idadi ya watu wa nyumbani. Nia ilikuwa njema. Lakini watu wengi wa wakati ule walilalamika kwamba wenye mashamba, wakijua parokia italipa pengo, hawakuona haja ya kuongeza mshahara. Wenye kuandika historia wanabishana mpaka leo juu ya ukubwa wa madhara hayo. Sheria mpya ya maskini ya mwaka 1834 iliufuta mpango huo kwa ukali uliozidi ugonjwa wenyewe. Yafaa kulinganisha na Kenya: Berkshire pengo lililipwa na parokia, Kenya lililipwa na mke wa mfanyi kazi. Parokia angalau iliandika hesabu.

HOFU YA KUPOTEZA KAZI

Hoja kubwa ya wapingao ni hii: kazi isiyoweza kulipa mshahara wa kutosha itafutwa, na aliyekuwa na kidogo atakuwa hana kitu. Hofu hii si ya kupuuzwa, hasa katika nchi ambayo kwa kila nafasi moja wako watu wengi langoni.

Kenya iliionja. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 mishahara ya mijini ilipanda, na katika miaka ya 1960 mpaka 1963 idadi ya wenye kazi za kuajiriwa ikapungua. Si haki kuulaumu mshahara peke yake, kwa sababu katika miaka hiyo hiyo fedha nyingi zilihamishwa nje na walowezi waliokuwa wanaogopa uhuru; lakini ni kweli pia kwamba tajiri aliyelipa zaidi alijifunza kufanya kazi na watu wachache. Mwaka 1964 Serikali, matajiri na vyama vya wafanyi kazi walipatana: matajiri wa kazi za watu binafsi waongeze watu kwa asilimia 10, Serikali iongeze kwa asilimia 15, na vyama visidai nyongeza ya mshahara kwa mwaka mmoja. Watu waliojiandikisha kutafuta kazi walikuwa wengi mno kuliko nafasi, na nafasi zenyewe nyingi hazikudumu. Kuzuia mshahara hakukuleta kazi kama ilivyotumainiwa.

Lakini mahali pengine hofu hiyo haikutimia. Huko Cradley Heath, Uingereza, wanawake waliofua minyororo majumbani walipewa na baraza la mishahara mwaka 1910 kiwango cha peni mbili na nusu kwa saa. Matajiri wakakataa, wanawake wakakaa nje kwa wiki kumi wakiongozwa na Mary Macarthur, mpaka wakalipwa. Na minyororo iliendelea kufuliwa. Mwaka 1992 jimbo la New Jersey katika Marekani lilipandisha kima cha chini kutoka dola 4.25 hadi dola 5.05 kwa saa, na jimbo jirani la Pennsylvania halikupandisha. Wataalamu David Card na Alan Krueger walilinganisha mikahawa ya pande zote mbili za mpaka, wala hawakuona kwamba kazi zilipungua upande uliopandisha. Wengine waliwapinga kwa hesabu nyingine. Mwaka 2021 Card alipewa tuzo ya Nobel kwa utafiti wa namna hiyo.

Sababu si ngumu kuifahamu kwa mtu aliyekaa karibu na shamba kubwa ambalo peke yake ndilo lenye kuajiri katika tarafa nzima. Tajiri asiye na mshindani hulipa chini ya faida ambayo kazi inamletea, kwa kuwa mfanyi kazi hana pa kwenda. Hapo sheria ikipandisha kima, inakula katika faida kabla haijaigusa kazi. Lakini mahali ambapo mwenye kuajiri anapata kwa shida, sheria hiyo hiyo itaigusa kazi mara moja. Ndiyo sababu kiwango kimoja kwa nchi nzima ni kigumu, na ndiyo sababu Kenya ina viwango mbalimbali.

KENYA YA LEO

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyi kazi haki ya malipo yaliyo ya haki. Viwango vyenyewe huwekwa kwa amri chini ya sheria za kazi za mwaka 2007. Kwa amri iliyoanza tarehe 1 Novemba 2024, kibarua wa kawaida katika miji mikubwa kama Nairobi na Mombasa aliwekewa kima cha shilingi 16,113.75 kwa mwezi, mbali na posho ya nyumba. Na kibarua wa shamba asiye na ufundi shilingi 7,997.33. Mtu wa shambani yuko chini ya nusu ya mtu wa mjini. Ukiuliza kwa nini, utajibiwa kwamba maisha ya shamba ni rahisi na kwamba huyo ana chakula chake. Jibu hilo mbona si geni?

Tena, katika kila Wakenya kumi wenye shughuli nje ya kilimo kidogo cha nyumbani, zaidi ya wanane wako katika jua kali na biashara ndogo ndogo, ambako amri za mishahara hazifiki kwa urahisi. Huko swali linageuka sura. Katika kile kima cha shilingi 16,113.75 wamo pia mtumishi wa nyumbani na yaya. Sasa mtazame mama auzaye nguo sokoni, au karani mdogo, ambaye hawezi kwenda kazini asipopata wa kubaki na mtoto. Anamchukua msichana kutoka mashambani na kumlipa sehemu ndogo ya kima hicho, pamoja na chakula na mahali pa kulala. Amevunja sheria. Lakini akilipa kima kamili, huenda mapato yake yote yakaishia kwa yaya, naye akae nyumbani, na wote wawili wawe hawana kazi. Asiyelipwa vya kutosha humwajiri mwingine kwa kutomlipa vya kutosha, na mwisho wa mnyororo huo mara nyingi yuko msichana ambaye mama yake yuko shambani, na jembe mkononi.

Mahali hapo sheria ya mshahara peke yake haiwezi kutosha. Watoto wakiwa na mahali pa kutunzwa mchana karibu na soko au kiwanda, kwa ada ndogo, yaya mmoja aliyefundishwa aweza kulipwa na wazazi wanane, na kima kikatimia bila kumwangusha hata mmoja. Shule, matibabu na nyumba za bei nafuu nazo hufanya kazi ya mshahara, kwa kuwa shilingi isiyotolewa kwa daktari ni sawa na shilingi iliyoongezwa. Lakini tajiri mwenye shamba la maelfu ya ekari au kampuni yenye walinzi mia hana udhuru wa mama wa sokoni, ingawa mara nyingi huutumia udhuru huo huo.

Mfanyi kazi anayelipwa chini ya kima kilichowekwa aweza kwenda kwa afisa wa kazi wa mahali alipo, akiwa na hati au ushahidi wowote wa malipo yake: barua, daftari, au ujumbe wa fedha uliobaki katika simu. Madai ya mshahara uliopunjwa yapasa kufikishwa mahakamani kabla ya miaka mitatu kupita. Naye kibarua wa siku aliyefanya kazi mfululizo kwa siku ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja, kwa sheria ya mwaka 2007 si kibarua wa siku tena. Ahesabiwe kuwa ni mtu wa mshahara wa mwezi, na haki zote zinazofuatana na huo, hata kama mwenye kazi anaendelea kumlipa kila jioni mlangoni.